Kati Yenu Mmoja

Waliokuwa wakienda kutazama maonyesho ya jumba la nyota walimjua kwa mgongo tu. Ukiingia unamkuta ameinamia meza ya swichi katikati ya ukumbi, shingo ndefu, kitambaa cha kichwani kimefungwa nyuma kama fundo la mzigo. Ukitoka, bado ameinama vilevile. Walimwita Fundi. Hata mumewe alimwita Fundi mbele za watu. Nyumbani alimwita mama.

Baba yake alikuwa mtengenezaji wa redio, na Fundi alikulia chini ya meza ya baba, akichezea vipande vya waya kama wenzake walivyochezea wanasesere. Akasomea umeme chuo cha ufundi, msichana peke yake darasani, akameza kejeli za wavulana mpaka wakachoka wenyewe. Siku ya kwanza alipoitwa jumba la nyota, aliitiwa feni iliyokuwa ikilia kama mbuzi. Akaitengeneza feni, kisha akauliza lile dude jeusi lenye macho mengi katikati ya ukumbi ni la nini. Wakamzimia taa, wakamwashia nyota, kuba lote juu ya kichwa chake likajaa. Hakurudi tena kwenye redio za baba.

Aliyemzimia taa ndiye aliyemwoa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyeacha kufundisha kwa sababu vumbi la chaki lilimsumbua koo. Alikuwa na sauti nzito isiyo na haraka, sauti ambayo hata ikikuomba chumvi unahisi umepewa habari ya maana. Watu wakamwita Sauti, jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kusimulia nyota, na kazi ya Fundi ilikuwa kuziwasha. Mmoja mdomo, mwingine mikono, na wageni wengi hawakujua kwamba mdomo na mikono hiyo walilala kitanda kimoja.

Onyesho lililowaletea sifa lilikuwa la nyota pacha. Sauti alilitunga mwenyewe, mwaka ule binti yao alipozaliwa, na shule zilikuwa zikipanga foleni kulisikiliza.

"Watoto," alikuwa akianza, "jua letu ni mzee mpole. Linakula kidogo kidogo, kwa hiyo litaishi miaka mabilioni. Lakini hawa wawili mnaowaona ni majitu. Kila mmoja ni mzito kuliko majua mengi yakiwekwa kwenye mzani mmoja, na mwenye mwili huo hawezi kula kama sisi. Wanakula kwa pupa. Miaka milioni chache tu, basi."

Hapo Fundi alikuwa akiyazungusha yale majitu, meupe yenye ubuluu, moja likilizunguka lingine karibu mno. Sauti akaendelea kueleza jinsi lile kubwa linavyozeeka kwanza, linavyovimba mpaka ngozi yake inamfikia mwenzake, na mwenzake anaanza kunyonya. Mmoja anakonda, mwingine ananenepa. Ndani ya aliyekonda, moto unapika jivu, unapika jivu la jivu, mpaka unafika kwenye chuma.

"Na chuma hakiwaki," alikuwa akisema polepole. "Moto ukifika kwenye chuma hauna tena cha kula. Tumbo lote la nyota linadondokea ndani yake lenyewe, kufumba na kufumbua."

Fundi anazima kila kitu. Giza tupu. Watoto wanashikana mikono. Anasikiliza pumzi ya mumewe, na pumzi ile ikikatika tu, anabonyeza.

Taa hiyo ilikuwa yake. Aliiunda kwa taa kubwa ya studio ya picha iliyokuwa imetupwa, akaifunga juu ya meza ya swichi ikiwatazama watu, na ilipowaka ukumbi mzima uligeuka mweupe, meno ya watoto na vifungo vya mashati na nyufa za ukutani. Kila mara kulikuwa na mtoto aliyelia. Kisha kwenye weupe unaofifia, ile sauti ilirudi na kusema kwamba kilichobaki ni kidonge kisichozidi upana wa mji, kizito kuliko jua, kikizunguka kama pia; wakati mwingine hakibaki hata hicho, linabaki shimo jeusi. Na yule wa pili? Watoto walikuwa wakiuliza kila siku. Yule wa pili hana tena wa kumshika. Anachomoka na kwenda zake gizani, mbio, peke yake. Ameshiba mwili wa mwenzake, na shibe hiyo ndiyo itakayomuua na yeye, siku yake ikifika.

Mwisho wa yote Sauti aliwaambia watoto wajipapase vifundo vya mikono, kwa kuwa chuma kilicho kwenye damu yao kilitoka kwenye nyota zilizokufa zamani. Wakajipapasa, wakacheka, wakapiga makofi. Sauti akainama kuwashukuru. Fundi akawasha taa za mlangoni ili wasijikwae.

Siku jumba lilipofanya sherehe, Sauti alisimama kwenye kipaza sauti akamshukuru mkurugenzi mzee, akamshukuru mlinzi, akamshukuru mama anayefagia. Fundi alisubiri jina lake. Halikuja. Nyumbani akamuuliza.

"Ah, mama," Sauti akacheka. "Mimi na wewe si kitu kimoja? Mtu hujishukuru mwenyewe?"

Fundi akacheka pia. Lakini alikuwa mtu wa waya, na mtu wa waya anajua kwamba moto hauanzii kwenye swichi. Unaanzia ndani ya ukuta, mahali pasipoonekana, na unachukua muda wake.

Mkurugenzi mzee akastaafu, akaja kijana. Alikuwa na adabu za kuumiza. Aliwaamkia kwa heshima kila asubuhi, shikamoo mzee, shikamoo mama, akawafungulia milango. Siku moja akawaita ofisini, akawakaribisha viti, akawaeleza kwamba mashine mpya inakuja. Inaendeshwa na kompyuta, na maelezo yanarekodiwa mara moja. Inahitaji mtu mmoja wa kuisimamia.

"Kati yenu mmoja," akasema. "Mimi ni mdogo kwenu, sina haki ya kuingilia ndoa za wakubwa. Zungumzeni, mkubaliane. Ijumaa mniletee jina."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Walipofika, Sauti akavua viatu, akaingia jikoni na kuosha vyombo. Hakuwahi kuosha vyombo tangu wampate binti yao.

"Baki wewe, mama," akasema akiwa amempa mgongo. "Mimi nimeshasema vya kutosha."

"Hapana, baki wewe. Mimi magoti haya, nikipumzika si vibaya."

"Si kweli. Bila wewe pale hakuna kitu."

"Bila wewe pale pana taa tu, baba."

Wakaendelea hivyo Jumatatu yote na Jumanne yote, kila mmoja akimsukumia mwenzake sahani yenye kipande kikubwa. Wema wa ghafla ndani ya nyumba ni kama mgeni aliyekuja na sanduku kubwa: huthubutu kumuuliza amekuja kwa lipi.

Jumatano Sauti akasema anakwenda kunyoa. Alikwenda kwa mkurugenzi. Alikaa ukingoni mwa kiti, akashika kofia, akasema kwamba inamuuma kusema, lakini usalama wa watoto kwanza. Mkono wa kulia wa mke wake umeanza kutetemeka. Anauficha. Asubuhi nyingine hawezi hata kushika kikombe. Mtu wa namna hiyo na umeme, wapi na wapi?

Ilikuwa kweli. Fundi alikuwa amemwambia mtu mmoja tu duniani kuhusu mkono ule, chini ya shuka, akiwa anaogopa.

Alhamisi Fundi akasema anakwenda kununua sabuni. Na yeye akakaa kwenye kiti kilekile. Alisema mumewe anasahau. Si kusahau funguo, kusahau maneno. Mara kadhaa amekatika katikati ya onyesho, akasimama gizani kama mtu aliyepotea sokoni, na yeye Fundi ndiye aliyemwokoa kwa kuruka kwenye picha inayofuata, mpaka akakumbuka. Wageni walidhani ni madoido. Siku hizi anarudia sehemu ambazo amekwisha kuzisema.

Nayo ilikuwa kweli. Sauti alikuwa amelia juu ya jambo hilo, mezani kwao, na Fundi alikuwa amemfuta machozi kwa pindo la kanga akimwambia, "Nitakushika, mtu hatajua."

Ijumaa wakaingia wote wawili. Sauti alikuwa tayari kusema kwamba wamekubaliana abaki mkewe, akitegemea kijana atakataa. Fundi alikuwa tayari kusema kwamba wamekubaliana abaki mumewe, kwa tegemeo hilohilo.

"Kabla hamjasema," mkurugenzi akatabasamu, "niwashukuru kwa uwazi wenu. Mzee, ulinieleza Jumatano juu ya mkono wa mama. Mama, ulinieleza jana juu ya kumbukumbu za mzee. Nimefikiria sana."

Akazipanga kalamu zake. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Fundi aliutazama mkono wake wa kulia uliokuwa umetulia tuli kwenye paja, umetulia kwa ukaidi kama mtoto anayesingiziwa.

"Mkono unaotetemeka unaweza kubonyeza kitufe," kijana akasema. "Mdomo unaosahau sina la kuufanya. Mama atabaki. Mzee, tutakuomba urekodi yale maelezo yako mara moja, tukuage vizuri, kwa keki."

Sauti akainuka. "Sauti yangu haibaki hapa bila mimi."

"Sawa. Maneno ni ya jumba, yatasomwa na mwingine. Mama, utaweza?"

Hapo ndipo Fundi angeweza kukataa. Binti yao alimwambia hivyo baadaye, kwa ukali. Neno moja tu, mama, hapana, lingetosha. Fundi alimjibu kwamba hajui alichokuwa akifikiri. Lakini alijua. Alikuwa akifikiri juu ya mwanamume akioga maji ya asubuhi, akivaa shati safi, akimwambia anakwenda kunyoa, kisha anatoka kwenda kumuuza.

"Nitaweza," akasema. "Nayajua yote."

Alirekodi wiki iliyofuata, kwenye chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani. Hakuhitaji kusoma popote. Kila alipojaribu kusema kwa namna yake, pumzi ya mumewe ilimjia kooni, akajikuta akinyamaza pale pale alipokuwa akinyamaza yeye. Aliyekuwa akimrekodi akamwambia mama una kipaji, ulikuwa umejificha wapi?

Nyumbani Sauti alihamia chumba cha binti. Wakaacha kusemeshana. Binti yao, muuguzi katika mji mwingine, akawa anapigiwa simu na pande zote mbili.

"Mwambie mama yako chumvi imekwisha."

"Baba, si yuko hapo jikoni? Namsikia akikohoa!"

"Mwambie."

"Mimi si posta," binti akasema, akakata.

Mashine mpya ikazinduliwa, na watu wakaipenda. Mlipuko wake ulikuwa picha tu, rangi nyingi zikichanua kama kitambaa cha maua, na mkurugenzi akaagiza ile taa ya zamani isitumike. Fundi hakuifungua. Aliiacha pale juu na waya zake, akasema ataishughulikia akipata nafasi.

Kisha asubuhi moja, kikundi cha wanafunzi kilipokuwa kikiingia, Fundi akamwona mumewe kwenye mstari wa kununua tiketi. Amevaa koti lake la kusimulia. Alikaa kiti cha mbele kabisa, katikati ya watoto, magoti juu kama panzi.

Taa zikazimwa. Sauti ya Fundi ikatoka kwenye spika: "Watoto, jua letu..."

"...ni mzee mpole," akasema Sauti kwa nguvu, akiiwahi. "Linakula kidogo kidogo!"

Watoto wakacheka, wakageuka. Akaendelea. Kila sentensi aliifikia kabla ya mashine, akaimaliza vizuri kuliko mashine, na baada ya muda watoto wakaacha kucheka wakawa wanamsikiliza yeye. Mwalimu wao alidhani ni sehemu ya onyesho. Sauti akasimama, akapanda kile kijukwaa cha ngazi tatu kilichokuwa mahali pake miaka yote, akainua mkono kwenye kuba. Alikuwa mzuri. Fundi, akiwa ameinama, alisikia nywele za shingoni zikisimama. Ukumbi mzima ulikuwa umemwacha yeye na spika zake.

Alikuja siku iliyofuata pia, na siku nyingine tena. Mlinzi akamuuliza Fundi kama amzuie. Fundi akasema mwache, amelipa kama wengine. Mkurugenzi alichungulia mlangoni, akaona watoto wanapiga makofi, akaondoka.

Siku iliyoharibika ilianza kama hizo. Sauti alikuwa juu ya kijukwaa, amefika mbali, majitu yamekaribiana, mmoja anakonda na mwingine ananenepa, moto unapika jivu.

"Mpaka unafika kwenye..." akasema.

Akasimama. Watoto wakasubiri.

"Unafika kwenye..."

Kwenye spika Fundi aliyerekodiwa alikuwa akiendelea bila kumngoja: chuma hakiwaki, moto ukifika kwenye chuma hauna tena cha kula. Sauti aligeuza kichwa kuifuata sauti ile kama mtu anayeitwa kutoka vyumba viwili. Mtoto mmoja akasema kwa sauti, "Babu amesahau!" na kicheko kikaanza safu ya nyuma, kikateremka mpaka mbele.

"Kwenye nini?" Sauti akauliza. Kuba likawa jeusi. "Kwenye nini, mama? Mama? Niambie."

Hakuwa anawaambia watoto. Alikuwa amegeukia meza ya swichi. Kila alipokatika zamani alifanya hivyo, aligeukia giza lile, na kutoka gizani ilikuja picha, au mwanga kidogo, au kikohozi, akajua alipo. Palikuwa na kitufe cha kusimamisha mashine. Palikuwa na swichi ya taa ndogo za njiani. Fundi aliziona zote mbili, na mkono wake haukutetemeka hata chembe.

Alibonyeza taa yake.

Weupe ule ulimpiga Sauti usoni, macho wazi. Watu walimwona amesimama na mdomo umefunguka, mikono mbele, kila kunyanzi la uso likihesabika. Akarudi nyuma hatua moja, na nyuma hapakuwa na kitu. Alianguka ngazi zote, nyonga ikapiga ukingo wa zege, na sauti ya kuvunjika ilisikika hata na waliokuwa wakicheka. Mashine haikusimama. Ilieleza kidonge kizito na shimo jeusi na yule wa pili aliyechomoka kwenda gizani peke yake, na watoto wa nyuma, ambao hawakuona vizuri, wakapiga makofi.

Hospitali walimtia chuma nyongani. Binti akaja na nguo za kazini, akakaa na baba yake, kisha akamtoa mama nje kwenye korido.

"Mama, ulimwona amesimama pale juu?"

"Nilimwona."

"Na taa ile ilikatazwa."

"Ndiyo."

Binti akarudi ndani. Akamsaidia baba mpaka likizo yake ikaisha, akaondoka, na simu zake zikawa za sikukuu tu.

Mkurugenzi naye alimwita Fundi ofisini. Akampa pole nyingi, akamuulizia hali ya mzee, akamsukumia maji ya kunywa. Kisha akasema kwamba walimu wamekuwa wakipiga simu wakiulizia ule mwanga mkali. Watoto hawazungumzi kingine. Je, isingewezekana kuurudisha kwenye onyesho?

Fundi akaurudisha.

Sauti hakutembea tena vizuri, na alichokuwa akikisahau kwa vipande akaanza kukisahau kwa mafungu. Alirudishwa chumba cha mkewe kwa sababu kitanda cha binti kilikuwa kifupi. Fundi alimwogesha asubuhi, akamwachia chai kwenye chupa na redio karibu na mto, akafunga mlango, akaenda kazini. Jirani walimsifu. Walisema mke wa namna hiyo siku hizi hupati hata ukimtafuta kwa tochi. Mkono wake sasa ulitetemeka wazi, na kijiko kilipogonga meno ya mumewe wakati wa kumlisha, hakuna aliyeomba radhi.

Jioni Sauti alikuwa akidai hadithi kama mtoto. Redio hakuielewa tena, ilikuwa na watu wengi mno. Fundi hakujua hadithi nyingine, kwa hiyo alimsimulia ile, akiwa anakunja nguo au anachambua mboga, tangu jua mzee mpole mpaka chuma kwenye damu. Sauti alisikiliza kwa makini, akishtuka pale pa kushtuka. Siku moja akawa amejipapasa kifundo cha mkono muda mrefu, akatabasamu.

"Hii nzuri," akasema. "Kaitunga nani?"

Fundi aliendelea kukunja shuka mpaka pembe zikakutana.

"Mimi," akasema.

"Ah! Umesoma wewe."

"Kidogo."

"Na huna mume? Mtu mwenye akili hivi?"

Fundi akamwambia ainue mguu, akamwekea mto chini ya goti, akaenda kufunga madirisha kwa kuwa mbu walikuwa wameanza kuingia.